Kura Iliyongoja Lango

Bukhayo, Busia
27 Januari 1963

Kwa kaka yangu Laban,

Pokea salamu za hapa nyumbani, kuanzia kwa Mama mpaka kwa ndama aliyezaliwa juzi. Mama ni mzima, ila goti la kushoto linamsumbua asubuhi. Mke wangu Felistus amepona homa. Baba mdogo Wesonga bado anakohoa na bado anavuta kiko. Shemeji Anjeline anakusalimu sana, anasema watoto wako wanakula vizuri, na Elphas amerefuka hata suruali ya Krismasi haimtoshi. Barua yako ya mwezi uliopita niliwasomea kwa sauti kibarazani kama kawaida yetu. Pale uliposema chakula cha kiwandani hakina chumvi Mama alicheka mpaka akapaliwa.

Sasa sikiliza, maana mimi mwenyewe kichwa kinaniuma. Sijui kama habari zetu zinafika huko Tororo. Tulilala Nyanza, tukaamka Jimbo la Magharibi. Wilaya nayo ni mpya. Kabla hatujazoea wamekuja na ramani ya viti vya Baraza la Jimbo, imebandikwa ukutani kwa chifu, na nimekwenda kuitazama mara tatu. Mstari unafuata kijito cha Nasira, kile kile ulichonifundishia kuogelea. Boma la marehemu baba yetu liko upande huu. Shule ninayofundisha, kanisa na watu wote wanaonijua wako ng'ambo. Sisi tumewekwa kiti kimoja na watu wa bondeni ambao sijawahi kunywa nao hata maji. Mama aliniuliza kama tumehamishwa. Nikamwambia hapana, Mama, ni mstari tu. Akasema, "Basi mbona ng'ombe hawajaambiwa? Bado wanavuka."

Jambo lenyewe ni hili. Watu wa ng'ambo wamenijia, wazee saba pamoja na mwenyekiti wa wazazi wa shule. Wanataka niwasimamie katika Baraza la Jimbo, uchaguzi wa Mei. Nimefurahi, kaka, sitakuficha. Miaka kumi na moja nimefundisha watoto wao, na sikujua kama kuna mtu aliyekuwa akihesabu. Lakini wameweka sharti moja: niwe na boma kwao. Walisema, "Mwalimu, tunakupenda, lakini hatuwezi kumpeleka barazani Kakamega mtu ambaye lango lake liko kiti kingine." Kiwanja wamenipa, juu kidogo ya shule.

Na tatizo unalijua. Mimi bado niko ndani ya lango la Baba kwa sababu wewe mkubwa wangu hujatoka, na kwa mila yetu mdogo haweki lango lake kwanza. Nyumba yako na ya Anjeline iko hapa hapa, hatua ishirini kutoka kwangu. Sikio halipiti kichwa. Ukiweka lango lako leo, kesho nami natoka. Kwa hiyo nakuomba uje kabla ya mwisho wa Machi. Baba mdogo yuko tayari kukuonyesha mahali na kuchimba shimo la nguzo ya kwanza. Ni usiku mmoja tu wa kulala, wewe na Anjeline, kisha urudi kazini. Shemeji aliwasikia wale wazee. Leo asubuhi nimemwona anachukua mundu kwenda kukata nyasi za kuezekea.

Ni mimi mdogo wako,
Chrispinus


Tororo
24 Februari 1963

Mdogo wangu Mwalimu,

Hamjambo huko Nyanza, au Magharibi, au popote mlipoamkia leo. Mimi nipo. Vumbi la saruji ni lile lile, natema jeupe na kupenga jeupe. Barua yako aliniletea Egau, yule Mteso anayevuka mpaka kuuza kuku, ikiwa chini ya majogoo kumi na wanne kwenye baiskeli, na mmoja alikuwa amenya juu ya jina langu. Sikuchukulia vibaya. Mpe Mama hii shuka na hizi kilo mbili za sukari. Goti lake lisiguse umande.

Sisi upande huu wa mpaka wa nchi tuna Uhuru tangu Oktoba na sijaona ng'ombe aliyeambiwa kitu. Hongera kwa kupendwa na watu. Lakini siasa usizishike kwa mikono miwili. Ni kama mvua ya Januari, inanguruma sana halafu hupandi hata mbegu moja.

Kuja kujenga mwezi huu ni vigumu. Tumepangiwa zamu mpya na msimamizi wetu ruhusa hatoi, hata ukimwambia umekufa atakuuliza utarudi lini. Kwani huwezi kupanga chumba karibu na shule? Weka kitanda, weka taa, sema nalala hapa. Watu wa siku hizi hawaangalii lango.

Egau anapiga kengele ya baiskeli, nakomea hapo.

Laban


Bukhayo
10 Machi 1963

Kaka yangu,

Sote tu wazima. Shuka imemfaa Mama, anajifunika hata mchana ili majirani waione. Sukari tumeinywa. Baba mdogo anasema kikohozi chake sasa kimehamia upande wa pili, labda nacho kimechorewa mpaka.

Nina neno dogo kabla ya neno kubwa. Katika barua yako hukumtaja Anjeline. Nilikuwa nasoma kwa sauti, yeye amekaa kwenye kinu, anangoja. Nilipofika mwisho nikatunga, Mungu anisamehe. Nikasema, "Msalimie sana mke wangu, mwambie asichoke." Akatikisa kichwa. Tafadhali siku nyingine niandikie mwenyewe, mimi si hodari wa kudanganya.

Habari ya chumba cha kupanga niliwapelekea wazee. Walinitazama kwa huruma. Mmoja akaniuliza, "Mwalimu, mkeo akijifungua humo chumbani, kitovu cha mtoto utakizika chini ya kitanda cha mwenye nyumba?" Chumba si boma, wewe unajua kuliko mimi. Jared mwenye duka naye ametangaza kwamba anataka kiti hicho hicho. Hajui kuandika barua ya kurasa mbili, lakini ana lango lake pale sokoni na kila siku anasimama mbele yake na kulisifu.

Mwenyewe nimechanganyikiwa. Asubuhi nasema nitasimama, jioni nasema siwezi. Nikivuka kijito kwenda shule najiona nimekwenda nchi nyingine, nikirudi najiona mgeni. Karani wa uchaguzi aliniambia sheria haina habari na lango la mtu. Baba mdogo akaniambia lango halina habari na sheria. Kila mmoja alisema kwa utulivu kabisa, na wote wawili nikawashukuru.

Kaka, njoo siku mbili tu. Nguzo nimekwisha kata, ziko ishirini na nne, nyuma ya zizi. Anjeline anakusalimu. Nyasi zake zimefika matita kumi na mawili. Amezijengea kichanja ili mvua isiziozeshe.

Chrispinus


Tororo
31 Machi 1963

Mdogo wangu,

Salamu kwa Mama, kwa baba mdogo, kwa Felistus, kwa watoto, na kwa Anjeline pia. Nimemtaja, umeona.

Mvua huku imekuja mapema. Tumepanda karanga na mtama umeshika vizuri, ila mchwa ni wengi, wanakula nguzo mpaka unasikia. Wewe hizo nguzo zako zichome miguu kabla ya kuchimbia, halafu upake majivu. Nguzo za lango hasa. Lango likianguka watu wanasema.

Nimefikiri maneno yako. Sawa, nitakuja Pasaka. Jumamosi jioni niko hapo, Jumapili tunafanya shughuli, Jumatatu narudi. Waambie wazee wako wa ng'ambo wasiwe na wasiwasi.

Egau ana homa, hii nampa kijana wa posta.

Kaka yako,
Laban


Bukhayo
17 Aprili 1963

Kaka Laban,

Hatujambo. Sina salamu nyingi leo.

Jumamosi Anjeline alifua nguo zako mbili zilizoko sandukuni. Alikoroga pombe ya mtama, akapaka samadi nyumba nzima ingawa ni nyumba anayotaka kuihama. Elphas alifungiwa jogoo wa kubeba mbele yako, maana ndiye mtoto wako wa kwanza na hiyo ni kazi yake. Baba mdogo alilala hapa na shoka lake akisema asije akachelewa. Jumapili baada ya misa wale wazee saba walivuka kijito na kanzu zao wakaja kutusindikiza. Tulikaa. Kila baiskeli ikilia barabarani Mama alisimama na lile goti lake. Saa kumi wazee walikunywa pombe, wakashukuru, wakavuka kurudi. Anjeline hakulia. Alimfungua yule jogoo miguu, akamwacha aende.

Majina ya wagombea yanafungwa Ijumaa tarehe 26. Mama amesema nikithubutu kuweka lango kabla yako, asiitwe mama yangu, kwa sababu mdogo akimpita mkubwa mmoja wao hufa, na yeye hana mtoto wa kutoa. Mimi nimesoma, nafundisha watoto kwamba radi ni umeme. Lakini nikishika jembe la kuchimbia nguzo nalirudisha pembeni. Wewe ndiye ningekuua, kaka, si mwingine.

Kwa hiyo nakungoja mpaka Alhamisi tarehe 25. Ukifika hata jioni, tutajenga hata kibanda cha mabua.

Na nieleze kitu kimoja. Umesema "tumepanda karanga". Nani na nani? Pale kwenye nyumba za wafanyakazi, kama nakumbuka vizuri, hakuna mahali hata pa kupanda kitunguu.

Anjeline anakusalimu.

Chrispinus


Tororo
22 Aprili 1963

Mdogo wangu,

Jenga. Usiningoje. Mimi mkubwa wako nimesema jenga, na hakuna atakayekufa. Usiniulize najuaje. Mwambie Mama mimi nimekupa ruhusa.

Nisamehe kwa Pasaka.

Laban


Bukhayo
2 Juni 1963

Kaka,

Mama hajambo. Wengine pia.

Barua yako fupi ilinifikia tarehe 6 Mei, Egau akiwa bado anatetemeka na homa yake. Majina yalikuwa yamefungwa siku kumi nyuma. Hata ingefika mapema isingenisaidia, kwa sababu Mama nilimsomea akauliza, "Ruhusa ni nini? Ruhusa inaezekwa?" Mkubwa hampi mdogo ruhusa ya kumpita, anatoka tu. Hilo hukulisahau kwa ajili ya saruji.

Jared amepita. Siku ya kura nilipiga yangu upande huu, kwa mtu wa bondeni ambaye uso wake niliuona siku ile ile. Mama alipewa karatasi zake akauliza ni ipi ya kumchagua Chrispinus. Karani akamwambia hayumo. Akasema, "Nitangoja," akakaa kwenye benchi mpaka nilipokwenda kumchukua. Ng'ambo, wazee saba walinisalimu vizuri sana. Mmoja alisema tu kwamba walidhani nimewadharau.

Jumamosi iliyopita nilipanda baiskeli kuja kwako. Sikumwambia mtu. Nilikuwa na hasira, na chini ya hasira nilikuwa na hofu kwamba labda wewe ni mgonjwa na unaficha. Nilifika kwenye nyumba za wafanyakazi nikakuulizia. Mtu mmoja anayenyoa watu mlangoni akasema, "Laban wa mashine? Huyo alihama mwaka wa sitini. Ana boma lake Kisoko." Nilicheka, kaka. Nilimwambia amekosea mtu. Akanichorea njia mchangani kwa kipini cha wembe.

Basi nikalifikia lango lako. Nguzo zimechomwa miguu, kama ulivyonishauri. Ua wa minyaa unanifika mabegani, na mnyaa haufiki mabegani kwa mwaka mmoja wala miwili. Alitoka mwanamke mrefu, mpole, akaniambia yeye ni Agwang na mwenyewe yuko zamu. Nikasema mimi ni mpita njia. Akaniletea maji. Nyuma yake niliona shamba la karanga, na karibu na ukuta wa nyumba kijilima kidogo kilichozungushiwa mawe meupe. Sikuingia. Nilirudisha kikombe nikaondoka, na njiani nilipotea mara mbili ingawa barabara ni moja.

Nilipofika nilimwuliza baba mdogo, bila kutaja jina: mkubwa akiweka lango ugenini, mdogo amefunguliwa? Akatoa kiko mdomoni. "Lango ni lango," akasema, "hata akiliweka Kampala. Amelala humo na nani, huo ni mzigo wake."

Kwa hiyo, kaka, miaka mitatu nimekuwa huru na sikujua. Wazee waliponijia Januari ningeweza kulitimiza sharti lao siku ile ile. Sikuhitaji uje. Nilihitaji mstari mmoja tu wa barua, na uliniandikia kurasa nzima za mchwa.

Bado sijamwambia mtu. Naogopa kumtazama Anjeline. Nyasi ni matita ishirini na tisa.

Chrispinus


Kisoko, Tororo
23 Juni 1963

Mdogo wangu,

Umeona mahali nilipoandika juu hapo. Ndiyo mara ya kwanza.

Mama nimsalimu vipi sijui. Msalimie.

Agwang aliniambia alikuja mpita njia mwenye pua yangu. Nilijua ni wewe. Nilikaa nje mpaka chakula kikapoa.

Hilo kaburi dogo ni la mtoto. Tulikuwa tunaishi nyumba za kazini, mimi na Agwang, na sikuwa na nia ya zaidi. Nilijiambia mke wangu ni Anjeline na nyumbani ni kwa Baba. Akazaliwa mvulana. Nikamwita Wandera, jina la Baba. Surua ikamchukua ana mwaka mmoja na miezi minne. Chrispinus, pale kiwandani mtoto hazikwi. Kwa baba yake Agwang wakasema huyu ni wa ukoo mwingine, hatumziki kwetu kama mtoto wa haramu. Kumleta huko nyumbani, ningemleta kama nani? Anjeline angempokea mikononi bila kujua hata kuna mimba. Mtoto alikuwa amelala siku ya pili hajazikwa. Mkwe akaniuzia kipande hiki, nikachimba nguzo mbili asubuhi, nikaezeka kibanda mchana, na jioni nikamzika mwanangu ndani ya lango langu. Usiku huo nililala humo na mama yake. Ndivyo nilivyotoka kwa Baba. Hakuna jogoo, hakuna shoka la baba mdogo.

Wewe unasema mstari mmoja. Kila barua niliuandika huo mstari kichwani. Halafu nakuona kibarazani unasoma kwa sauti, Mama yuko pale, Anjeline kwenye kinu, na naandika mchwa. Nilidhani mambo ya kura yatapita. Pasaka nilifika mpaka Malaba, pale mpakani, nikasimama na mfuko wangu. Nikageuka, nikarudi. Kama ningelala na Anjeline kwenye lango jipya ningekuwa nadanganya mpaka ardhi.

Nimekupotezea kiti chako. Hilo nalijua, na nina aibu hata ya kutia sahihi. Nakuomba kimoja: hii usiisome kwa sauti. Tafuta maneno yako, mwambie Anjeline polepole.

Laban


Bukhayo, ng'ambo ya Nasira
14 Julai 1963

Kaka Laban,

Nawe umeona nilipoandika juu.

Niliisoma kwa sauti. Nilikaa siku nne na barua yako mfukoni nikitafuta maneno yangu, kila neno nililolipata lilikuwa uongo kidogo. Nilikwisha kukutungia salamu, nikakutungia ruhusa za zamu, nikakutungia homa siku ya Pasaka. Sikuweza tena. Nilikaa kibarazani nikasoma yote, hata hapo ulipoomba nisisome.

Mama aliuliza jina la mtoto mara mbili ingawa alilisikia. Kisha akasema, "Mume wangu yuko kule peke yake." Anataka apelekwe. Egau amesema atambeba kwenye baiskeli, polepole, ataacha kuku siku hiyo. Mtegemee mwezi ujao. Agwang asiogope, Mama hana la kumlaumu yeye.

Mimi nimetoka. Baba mdogo alinichimbia nguzo ya kwanza, na wazee saba wakaja na kanzu zao. Hapana anayetaja kura. Uchaguzi mwingine utakuwa lini, na huo mstari utakuwa wapi siku hiyo, hakuna anayejua, na mimi nimeacha kwenda kutazama ramani. Nilidhani nitakukasirikia mpaka uzee. Nikasoma habari ya kibanda ulichoezeka mchana mmoja, hasira ikakosa mahali pa kukaa. Lakini haijatoka, iko mlangoni imesimama.

Siku ya kuezeka nilikuwa na nguzo na sina nyasi, sikuwa nimekata hata tita moja. Asubuhi nikaona Anjeline anavuka kijito na matita kichwani, nyuma yake Elphas na wadogo zake, kila mmoja na mzigo wake. Walivuka mara tisa. Nikamwambia, shemeji, hizi si zangu. Akasema zitaoza. Alisimama chini akinirushia moja moja, na hakukosea hata mara moja. Jioni paa lilikuwa limekamilika.

Leo nilipochukua kalamu nilimwuliza, kama ninavyomwuliza kila mara, kama ana salamu za kukutumia. Alikuwa anafagia mabua yaliyobaki mbele ya lango langu. Alifagia mpaka akamaliza.

"Mwandikie," akasema, "nyasi zimekwisha."

Chrispinus